Gari Lenyewe, Si Aina Yake

Hotuba kwa wakusanyaji wa magari madogo, Nairobi

Mwenyekiti, wazee wangu, kina mama na kina baba, na nyinyi vijana mliokaa chini kwa kukosa viti, hamjambo. Nimeombwa nizungumze juu ya magari ya Marekani ya miaka ya sitini, yale yanayoitwa magari ya misuli, ya injini kubwa na kelele nyingi, na namna yanavyoishi leo kwenye kabati zetu yakiwa ya daikasti, chuma cha kumiminwa kwenye kalibu, urefu wa kiganja. Nimekubali kwa moyo mmoja. Ila nina ugomvi kidogo na makabati hayo, na nitautoa humu humu.

Kabla ya kuitwa hapa mbele nilizunguka kwenye meza zenu. Vitu vizuri, vimepanguswa, vimepangwa. Lakini karibu kila Plymouth na kila Dodge niliyoinama kuitazama imeandikwa Hemi, jina la injini kubwa na ghali ya Chrysler, wenye Plymouth na Dodge. Mgeni akiziamini meza hizi atadhani Marekani nzima ilikwenda kazini na Hemi. Sasa nisikilizeni. Plymouth walitoa Road Runner kwa msimu wa 1968, na msimu huo wa kwanza zikauzwa zaidi ya elfu arobaini. Zilizotoka na injini ya Hemi zilikuwa kama elfu moja tu. Sababu ni pesa. Gari lenyewe lilianzia dola 2,896, na Hemi ilikuwa nyongeza ya zaidi ya dola 700, yaani karibu robo ya bei ya gari zima. Mnunuzi alikuwa kijana wa kiwandani, au askari aliyerudi kutoka Vietnam na akiba yake. Huyo alichukua injini ya kawaida ya inchi za ujazo 383, kwa hesabu yetu lita 6.3, akaenda nayo nyumbani akipiga honi. Na honi yenyewe ilikuwa ya vichekesho, bip-bip kama ya yule ndege wa katuni. Plymouth waliilipa Warner Bros. dola 50,000 ili watumie jina na picha yake.

Sasa zile elfu arobaini nyingine, zilizolipiwa mkopo, zilizogombaniwa na ndugu, zilizopasuliwa taa usiku wa Ijumaa na kupelekwa mbio Jumapili, ziko wapi kwenye meza zetu? Hamna. Tunakusanya magari ambayo karibu hakuna mtu aliyekuwa nayo.

Kwa vijana, niseme haraka gari la misuli ni gari gani. Usilichanganye na gari jepesi la Ulaya la viti viwili. Hili ni gari la familia, la milango miwili, la kwendea sokoni na kanisani, ambalo chini ya boneti yake wamepachika injini ya gari kubwa zaidi. Wengi huanza kuhesabu mwaka 1964 kwa Pontiac GTO. General Motors walikuwa na amri ya ndani kwamba gari la ukubwa wa kati lisipewe injini inayozidi inchi za ujazo 330. Mhandisi mkuu wa Pontiac wakati ule alikuwa John DeLorean. Yeye na wenzake Bill Collins na Russell Gee wakaisoma amri ile kwa jicho la mwanasheria: imezungumzia gari, haikusema kitu juu ya nyongeza. Basi wakaichukua injini ya inchi 389, wakaiandika kuwa ni nyongeza ya hiari kwenye Tempest LeMans, wakaipa jina GTO, jina walilolichota kwa Ferrari bila kupiga hodi. Wakubwa walipogutuka, oda zilikuwa zimeshaingia. Msimu ule zikauzwa zaidi ya elfu thelathini na mbili, na kampuni nyingine zikakimbilia huko huko.

Jambo hilo la nyongeza naomba mlishike, kwa sababu ndilo lililofanya magari haya yawe na sura ya mtu mmoja mmoja. Mteja hakuja dukani kuchukua gari lililopo tu. Alikaa na muuzaji, akatia alama kwenye orodha: rangi, giaboksi ya mkono au otomatiki, difu ya uwiano gani, redio au bila redio, viti vya namna gani. Magari mawili yaliyofanana mbele ya nyumba mbili yangeweza kuwa na tabia mbili tofauti kabisa barabarani. Kwenye viwanda vya Chrysler karatasi ile ya maagizo mara nyingi iliachwa ndani ya gari, na leo wanaofufua magari haya huikuta imekunjamana katikati ya springi za kiti cha nyuma, imetafunwa na panya. Huisoma kama hati ya ukoo. Kuna na namba ya chasisi. Kwenye Road Runner ya 1969, alama ya tano ikiwa H, injini ilikuwa 383. Ikiwa J, ni Hemi. Kwenye boneti mtu anaweza kubandika chochote anachotaka, lakini herufi ya tano haibandikwi.

Halafu gari likifika nyumbani, mwenyewe naye alianza. Hapa ndipo panaponinogea. Wiki haiishi, ekzosi ya kiwandani imeshatupwa na mahali pake pamefungwa mabomba marefu. Nyuma imeinuliwa. Rimu zimebadilishwa mbili mbili kulingana na mshahara, kwa hiyo kwa miezi kadhaa gari lilitembea na rimu za aina moja mbele na nyingine nyuma. Jumapili alikwenda uwanjani na tairi pana za nyuma, kipara kwa makusudi, akazifunga pale pale kwenye maegesho kwa jeki. Mashindano yenyewe ni mafupi kuliko muda wa kuyaeleza: magari mawili, taa, robo maili iliyonyooka, mita 402, basi. Daraja la gari na namba yake viliandikwa kwenye kioo cha dirisha kwa kiwi nyeupe ya viatu. Kiwi inaonekana kwa mbali, bei yake ndogo, na jioni unaifuta kwa kitambaa, Jumatatu gari linakwenda kazini likiwa na adabu zake.

Ukilijua hilo, unaelewa kwa nini mtu aliyekuwa na gari lile haridhiki na modeli ya dukani. Ya dukani inaonyesha gari siku lilipotoka kiwandani, au siku lilipomalizwa kufufuliwa na tajiri. Yeye analikumbuka gari la Jumapili.

Inachekesha kwamba watengenezaji wa kwanza wa modeli za Marekani walilijua hili kuliko sisi. Kabla yao Matchbox ya Lesney, kampuni ya London, ilikuwa imeshatawala tangu 1953 kwa magari madogo ya kiungwana: kila gari kama lilivyokuwa kwenye chumba cha maonyesho. Mwaka 1968 Elliot Handler wa Mattel, kampuni ya midoli huko California, akatoa Hot Wheels. Mchoraji wake wa kwanza, Harry Bradley, alitoka kuchora magari ya kweli General Motors, na nje ya kazi alikuwa mtu wa kukata na kubadilisha magari. Yale 16 ya mwaka wa kwanza, Camaro, Mustang, Barracuda, Firebird, Cougar na wenzake, hayakuwa magari ya chumba cha maonyesho. Yamepewa tairi zenye mstari mwekundu, boneti zenye matundu, na rangi ya kupenyeza mwanga iliyopakwa juu ya chuma kilichong'arishwa, ung'aavyo mfuniko wa sufuria mpya. Ekseli zilikuwa za waya mwembamba unaonesa, ndiyo maana zilikimbia namna ile. Na mojawapo, ile pikapu iitwayo Custom Fleetside, Bradley aliitoa kwenye Chevrolet El Camino yake mwenyewe aliyoibadilisha. Yaani katika kundi la kwanza kabisa, kitoto cha senti kadhaa kilichouzwa dukani kilikuwa gari la mtu.

Miaka miwili baadaye mambo yakazidi. Don Prudhomme, aliyeitwa Nyoka, na Tom McEwen, aliyeitwa Nguchiro, walikuwa mahasimu wa mbio za robo maili kule California. McEwen ndiye aliyekuwa na akili ya biashara. Akawaendea Mattel akawauzia wazo: tupeni pesa, tutazunguka nchi nzima tukishindana, na nyinyi mtauza magari yetu kwa watoto. Wakati huo wafadhili wa madereva walikuwa kampuni za oili, tairi na plagi. Kampuni ya midoli ilikuwa kitu kigeni. Msimu wa 1970 Prudhomme akaingia na Plymouth Barracuda ya njano, McEwen na Plymouth Duster nyekundu, zote zikiwa na nembo ya Hot Wheels ubavuni. Yalikuwa magari ya bodi ya faibaglasi inayoinuliwa yote kwa mkupuo kama kifuniko, chini yake fremu ya mabomba na dereva. Na vitoto vyake vya daikasti navyo vilikuwa na bodi inayoinuka vivyo hivyo. Mtoto wa Ohio au Texas alinunua seti yenye njia mbili za plastiki, akayashindanisha sebuleni, kisha baba yake akampeleka uwanjani kuyaona makubwa yakinguruma.

Mimi huwa najiuliza pale nani alikuwa modeli ya nani. Gari kubwa lilipakwa rangi ili liuze dogo. Dogo lilitengenezwa ili mtu aende kuliona kubwa. Sina jibu, na sidhani Mattel walijali.

Nguchiro alimshinda Nyoka kwenye fainali kubwa ya Indianapolis mwaka 1978, siku chache tu baada ya kumzika mwanawe aliyekufa kwa saratani ya damu. Wapenzi wa mbio hizi huko Marekani ukiwatajia fainali ile wananyamaza kwanza ndipo wanaongea. Nalitaja kwa sababu wapo wakusanyaji wanaotafuta Nguchiro ya 1978 peke yake, wala hawaitaki ya 1970 hata ikiwa ndani ya boksi lake. Hao nawaelewa vizuri sana.

Halafu yupo Richard Petty, dereva wa mbio za NASCAR za Marekani, na bluu yake. Mnaijua, ile bluu laini inayoelekea kijani kidogo, yenye namba 43. Mwaka 1970 aliendesha Plymouth Superbird, lile gari lenye pua ndefu na bawa nyuma refu kama fremu ya mlango. Mwaka 1972 kampuni ya STP ilikuja na pesa ikitaka gari lote liwe jekundu la kwao. Petty akakataa kuitoa bluu. Wakavutana, mwisho gari likawa bluu na nyekundu. Mimi ni mtu wa rangi na nalipenda sana jambo lile: mtu anawekewa pesa mezani, anagombania rangi. Ndiyo maana wakusanyaji wake nao ni wagomvi. Weka Superbird tatu za kampuni tatu chini ya taa moja, utaona bluu tatu, na utasikia kelele.

Lakini Petty, Prudhomme na McEwen walikuwa na majina. Kampuni iliweza kuwatengenezea modeli kwa sababu ingeuza kwa maelfu. Aliyekuwa akishindana Jumapili na kwenda kazini Jumatatu, hatengenezewi, na sababu iko kwenye kalibu. Chuma cha daikasti ni mchanganyiko unaoitwa zamak: zinki kwa sehemu kubwa, aluminiamu kama asilimia nne, na magnesiamu na shaba kidogo. Kinayeyuka chini ya nyuzi joto 400, kinasukumwa kwa shinikizo ndani ya kalibu ya chuma cha pua kigumu, kinaganda kwa sekunde, kinatolewa. Kwa joto hilo kalibu haichoki upesi, inarudia kazi ile ile mara nyingi mno. Ila kuichonga kalibu yenyewe ni gharama kubwa. Kwa hiyo kampuni ikishachonga Road Runner moja itaikamua: leo nyekundu, kesho njano, keshokutwa nyeusi yenye maandishi ya Hemi kwa sababu Hemi inauza. Hakuna atakayechonga kalibu kwa ajili ya madigadi ya mjomba wako iliyobonyea.

(Nikiwa hapo hapo kwenye zamak, wenye modeli za kabla ya vita kuu ya pili muwe macho. Risasi ikichanganyika humo hata kidogo tu, miaka inavyopita chuma huvimba, hupasuka, huwa unga. Haina dawa. Mkiona nyufa, pigeni picha mapema.)

Sasa niwaeleze la mzee mmoja. Nilifanya kazi ya fundi rangi kwa miaka kadhaa Ohio, karakana ya magari ya kawaida, bampa na madigadi. Alikuwa mteja wetu, alistaafu kiwandani, jina lake silitaji. Siku moja akaja na boksi la modeli ya Road Runner ya 1969, kipimo cha 1 kwa 18, kubwa kama mkono kutoka kiganjani hadi karibu na kiwiko. Akaiweka juu ya kaunta akasema, "Hili si langu." Nikadhani ameliokota. Kumbe alikuwa na maana kwamba la kwake halikuwa hivi.

La kwake alilinunua akiwa kijana, injini 383, gia nne za mkono, kijani ya kung'aa. Akalishindanisha kwenye uwanja wa National Trail, karibu na Columbus, kwa sekunde kumi na nne na ushee, muda ambao hautamshtua mtu yeyote. Madigadi ya mbele kushoto ilikuwa ya gari jingine, aliinunua kwa wauza vyuma baada ya kugonga, na kijani yake ilikuwa ya mwaka mwingine, imekolea zaidi. Boneti aliipulizia nyeusi isiyong'aa kwa mkono wake, mkebe wa dukani. Aliliuza mwaka 1974, mafuta yalipopanda na mtoto wa pili akiwa njiani. Alikuwa na picha moja iliyofifia, na alikuwa na kichwa chake.

Nikaifungua modeli. Skrubu nne chini, bodi ikaachana na sakafu. Vioo vimeshikwa kwa vichwa vya plastiki vilivyoyeyushwa, unavikata kwa kisu polepole ukiomba Mungu. Rangi ya kiwandani nikaitoa kwa dawa, chuma kikabaki cheupe, na ukikishika hivyo bila rangi unashangaa uzito wake. Praima nyembamba. Kisha tukafika kwenye kijani, na hapo ndipo kazi ilipokuwa.

Rangi ya gari kubwa ya metaliki ina chembe za aluminiamu ndani yake. Ukiichukua ile ile kutoka karakana ukaipulizia kwenye gari la 1 kwa 18, chembe hazipungui ukubwa pamoja na gari. Zinaonekana kama kokoto zilizomwagwa juu ya boneti. Ukitazama modeli nyingi za bei nafuu, hicho ndicho kinachokusumbua jicho bila wewe kujua. Lazima utafute chembe laini kabisa, unga karibu, uchanganye upya, na uifanye rangi iwe nyepesi kidogo kuliko ya kweli, kwa sababu kitu kidogo ndani ya nyumba huonekana cheusi zaidi kuliko gari lililosimama juani. Nikachanganya kijani mbili, ya bodi na ya ile madigadi. Zikipishana sana inaonekana nimekosea, zikikaribiana sana hakuna atakayeona. Nikajaribu juu ya vijiko vya plastiki, nikavipanga dirishani, mzee akaja akaokota kimoja, akakiweka kando ya kingine, akasema hivi viwili.

Gari lilipokamilika alilizungusha, akalichungulia chini, akainamisha kichwa hadi macho yakawa sawa na meza. Nikasubiri sifa. Akasema, "Nyuma iko chini." Kweli alikuwa amefunga vijiti vya kuinua nyuma. Nikaongeza vipande vya plastiki juu ya ekseli. Akasema bado. Nikaongeza. Ndipo akatoa mfukoni kijiti cha meno na kopo la kiwi nyeupe, akaandika namba yake mwenyewe kwenye kioo cha pembeni, mkono ukimtetemeka kidogo, na ile namba ikatoka imepinda. Nikamwambia naweza kuifuta akaandika upya. Akanijibu kwamba hata uwanjani ilikuwa inapinda.

Nimeshaona modeli za bei ya ng'ombe wawili, milango inafunguka, mkanda wa kiti una kifungo chake. Hiyo ya mzee ilikuwa na milango inayofunguka nusu na usukani wa plastiki ya bei nafuu. Ukiniuliza ipi ningeokoa nyumba ikiwaka, sihitaji kufikiri.

Mtauliza kwa nini wazee hawa hawakuyaweka magari yao. Wengine wamejiuliza hilo maisha yao yote. Bima ilianza kuwabana vijana wenye injini kubwa mwishoni mwa miaka ya sitini. Sheria ya hewa safi ya 1970 ikabana moshi, General Motors wakapunguza nguvu ya kubana mafuta kwenye injini zao mwaka 1971. Mwezi wa Oktoba 1973 nchi za Kiarabu zikafunga bomba, na foleni za petroli zikamaliza ubishi. Gari linalokunywa galoni moja kwa maili kumi hivi likawa mzigo. Yakauzwa kwa bei ya kutupa, yakagongwa, yakaoza kwa chumvi inayomwagwa barabarani wakati wa theluji. Mwaka 2014 Plymouth Hemi 'Cuda ya wazi ya 1971, mojawapo kati ya 11 tu zilizotengenezwa, ilipigwa mnada kwa dola milioni tatu na nusu. Mstaafu wa kiwandani hanunui hiyo. Hata ile 383 yake ya kawaida leo haimudu. Kilichobaki ndani ya uwezo wake ni cha 1 kwa 18.

Sasa turudi kwetu, maana naona mwenyekiti anatazama saa.

Sisi hatukuwa na robo maili, tulikuwa na Safari, mbio ndefu za magari za Afrika Mashariki. Wamarekani nao walikuja kuionja: mwaka 1964 Ford walileta kikosi cha Mercury Comet, magari yenye V8, wakiwa na mafundi na vipuri vya kutosha duka. Zilizomaliza ni mbili. Aliyeshinda alikuwa Peter Hughes na Ford Cortina GT, kagari kadogo kutoka upande wa Uingereza wa kampuni ile ile. Mwaka uliofuata Joginder Singh na nduguye Jaswant wakashinda kwa Volvo PV544 iliyokwisha kutumika na watu wengine. Bert Shankland wa Dar es Salaam akashinda 1966 na 1967 kwa Peugeot 404, aina ile ile ya gari iliyokuwa teksi mtaani. Mnaona kufanana? Gari la kwendea sokoni, likishindanishwa na mwenyewe.

Na watengenezaji wa modeli walitukumbuka kwa namna yao. Corgi wa Uingereza walitoa katikati ya miaka ya sitini Volkswagen nyekundu ya Safari, na ndani ya boksi wakatia kifaru. Kifaru! Mzee yeyote humu aliyeshindana atuambie mara ngapi alipita kifaru ubavuni kama mstari wa kumalizia. Baadaye Kyosho wa Japan wakatoa Datsun 240Z ya 1971, namba 11, ya Edgar Herrmann na Hans Schüller, kazi safi sana. Gari lenyewe Nissan wanalo mpaka leo.

Lakini tena ni washindi. Mwaka 1963 yalimaliza magari saba tu, na mwaka 1968 saba tena. Yaliyobaki, mengine ya watu binafsi, ya wenye gereji wa Nakuru na wafanyabiashara wa Moshi na Kampala, yalikwama kwenye matope au yalikunja ekseli njiani. Yale hayana modeli popote duniani. Anayeweza kuyatengeneza ni mtu aliye na picha, na picha ziko kwenye masanduku ya mama zenu.

Kwa hiyo nasema na nyinyi wenye mikono. Peugeot 404 ya daikasti inapatikana, Cortina inapatikana, Datsun zipo. Vueni rangi. Na mkifika kwenye matope, msipake kahawia moja ya kila mahali kama wafanyavyo viwandani. Vumbi la Taru ni jekundu na linakaa juu ya buti na nyuma ya milango. Udongo mweusi wa mfinyanzi unaganda ndani ya madigadi kwa mabonge, ukikauka unapasuka na kuacha kijivu. Gari lililotoka Mombasa likapanda Mau wakati wa mvua lilibeba zote mbili, nyekundu chini na nyeusi juu yake. Sagueni chaki za rangi, changanyeni na gundi ya maji, wekeni kwa brashi iliyochakaa, tabaka kwa tabaka. Kioo cha mbele acheni nusu duara mbili za waipa. Na kama babu alipoteza bampa pale Taita, msimrudishie.

Nitakuwa kwenye meza ya kona, karibu na mlango wa jikoni, mpaka saa kumi. Nina msasa, nina praima, nina vijiko vya kujaribia rangi. Mwenye picha ya gari la kwao aje nayo, hata kama imekatika pembe, ila msinipe mkononi kabla sijanawa.